Kubaki Kanisani ukiwa shoga: nani umwambie, wapi, na kwa maneno gani?

SautiYaTatu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Naomba majibu ya watu wanaozijua sheria za Kanisa na za nchi. Mimi ni Mkatoliki, Kenya, mwanakwaya, na jumuiyani nahesabiwa. Ni shoga, nalijua hilo, na sina nia ya kuliacha Kanisa wala ya kuigiza maisha yangu yote. Nikimweleza padre, siri yangu inalindwa kiasi gani? Kitubio na mazungumzo ya ofisini ni kitu kimoja? Naweza kunyimwa komunyo au kutolewa kwenye kwaya kwa sababu tu ya kuwa hivi? Kikundi cha maombi kikisema hili ni pepo, nina haki ya kukataa kuombewa? Na wanaosema "oa tu, yataisha", Kanisa lenyewe linaionaje ndoa ya namna hiyo? La mwisho ni 1 Wakorintho 6:9. Mstari huo ndio ninaotupiwa kila mara, na sijui nianzie wapi kuujibu.

Naomba msiniulize parokia wala kaunti.

Katekista_Mstaafu

Milele amina, mwanangu. Naanza na kitubio, maana hapo ndipo watu huumia kwa kutojua tu.

Kitubio na ofisi ni vitu viwili mbalimbali. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inasema muhuri wa kitubio hauvunjwi: padre haruhusiwi kumsaliti mtubuji kwa neno wala kwa njia yoyote, kwa sababu yoyote ile. Akiuvunja moja kwa moja, anajitenga na Kanisa papo hapo, na adhabu hiyo inaondolewa na Kiti Kitakatifu peke yake (kanuni 1386, kwa hesabu ya marekebisho ya 2021). Kanuni ya 984 ndiyo wengi hawaijui: hata bila kutoboa siri, padre hawezi kutumia alichokisikia kwa namna ya kumdhuru mtubuji, na mwenye madaraka hawezi kukitumia katika uongozi. Yaani paroko aliyekusikia kitubioni hana ruhusa ya kukuondoa kwaya kesho yake kwa jambo hilo. Na muhuri unabaki hata kama hukupewa ondoleo.

Ofisini, padre anabanwa na uadilifu wa mshauri yeyote. Kanuni ya 220 inamkataza kila mtu kuharibu bila haki jina jema la mwenzake au kuingilia faragha yake, na hiyo ni kinga ya kweli, lakini siyo muhuri. Kosa linalojirudia ni hili: mtu anatubu vizuri, anatoka, kisha kwenye veranda anaendelea kumsimulia padre yaleyale huku mtunza kanisa anapita. Usitegemee maneno ya verandani yalindwe kama ya kitubioni. Tena usianzishe jambo hili kwa ujumbe wa simu wala kwa sauti iliyorekodiwa. Muhuri hauko ndani ya simu.

Basi nenda kwa padre asiye wa parokia yako. Kanuni ya 991 inakupa uhuru wa kumchagua muungamishi yeyote halali. Makanisa ya mashirika ya watawa na vituo vya hija husikia watu wengi wasiojuana. Tafuta kitubio chenye wavu; kanuni ya 964 inataka viwepo mahali pa wazi kwa yeyote anayevitaka. Piga ishara ya msalaba, taja ni muda gani tangu kitubio chako cha mwisho, kisha sema: "Padre, mimi navutiwa na watu wa jinsia yangu. Silitaji hilo kama dhambi, nakutajia ili unielewe. Dhambi zangu ni hizi." Sentensi hizo zinatenganisha hali na tendo, na Kanisa lenyewe linavitenganisha. Jina la mtu mwingine usilitaje. Kanuni ya 979 inamkataza padre kuuliza jina la aliyeshiriki dhambi nawe. Ila usiingie kitubioni kutafuta usiri peke yake huku huna toba ya lolote. Ukitaka ushauri, sema wazi kwamba unataka ushauri, uupate kama ushauri.

Komunyo. Sitakuficha: Katekisimu, namba 2357, haikubali matendo ya ndoa kati ya watu wa jinsia moja kwa hali yoyote, na 2359 inawaita watu wenye mvuto huo kuishi usafi wa moyo na mwili. Katikati yake ipo 2358, ambayo wahubiri huiruka: wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, na iepukwe kila dalili ya ubaguzi usio wa haki. Barua ya Idara ya Mafundisho ya Imani ya 1 Oktoba 1986, iliyotiwa sahihi na Kardinali Ratzinger, ni kali kweli, lakini hata hiyo inasema mvuto wenyewe si dhambi, na inawataka wachungaji walaani ukatili wa maneno na wa matendo popote unapotokea. Kwa hiyo kuvutiwa peke yake hakumnyimi mtu komunyo. Kanuni ya 915 inawazuia wanaong'ang'ania kwa ukaidi dhambi nzito iliyo wazi. Hayo yote lazima yatimie kwa pamoja: ukaidi, uzito, na kuwa wazi. Uvumi wa jumuiya hautoshi. Kilichobaki ni kanuni ya 916, yaani dhamiri yako mbele ya Mungu, na hapo hakuna mwenyekiti wa jumuiya anayeingia.

Kwaya ni habari nyingine. Hakuna kanuni ya Kanisa zima inayompa mtu haki ya kuimba. Inayotawala ni katiba ya kwaya na uamuzi wa paroko. Isome katiba hiyo sasa, kabla neno halijatokea, uone nidhamu inaamuliwa na nani na kwa hatua zipi. Ukiondolewa, omba sababu kwa maandishi. Ikiwa ni uamuzi rasmi wa kiutawala, una siku 10 za kumwomba aliyeutoa aubatilishe (kanuni 1734). Naye ana siku 30 za kujibu, kisha wewe una siku 15 za kukata rufaa kwa aliye juu yake (kanuni 1737). Lakini pima: rufaa hiyo inaliweka jambo lako kwenye faili la jimbo. Kwa nafasi ya kwaya pekee nisingemshauri mtu aandike. Kwa kunyimwa sakramenti, ningemshauri.

Na la pepo. Kanuni ya 1172 inasema hakuna awezaye kumpunga mtu pepo kihalali bila ruhusa ya pekee na ya wazi ya askofu, na ruhusa hiyo hupewa padre tu. Kikundi cha walei hakina mamlaka hayo, hata kiwe na karama gani. Waambie: "Niombeeni kama mnavyowaombea wengine. Kupungwa sikubali bila barua ya askofu." Ukiona unafungishwa chakula siku nyingi, unakemewa mbele ya watu, au unashinikizwa utubu hadharani, ondoka hapo. Kanisa halidai toba ya hadharani ya namna hiyo.

Wakili_Pwani

Katekista ameeleza ya Kanisa, nami niongeze ya serikali.

Kifungu cha 162 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya kinatoa hadi miaka 14 kwa wanaojamiiana "kinyume cha maumbile", na cha 165 hadi miaka 5 kwa matendo ya aibu kati ya wanaume. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Angalia vinachoadhibu: ni tendo. Kusema "mimi ni shoga" si kosa. Kwa hiyo popote utakaposema, iwe ofisini kwa padre, kwa mshauri au kwa ndugu, sema hali yako na imani yako. Usitaje tendo, tarehe wala mtu. Mahakama ya Rufani ya Mombasa ilisema tarehe 22 Machi 2018 kwamba kumpima mtu sehemu ya nyuma kwa lazima ni kuvunja Katiba, basi polisi wasikutishe kwa hilo. Na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji 3 kwa 2, ilithibitisha haki ya kusajili shirika linalotetea watu hawa. Kukutana kusali pamoja si kosa.

Kuhusu kundi la WhatsApp la jumuiya: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inauweka mwelekeo wa kimapenzi wa mtu kwenye data nyeti. Parokia au shule ya kanisa ikiandika habari hiyo kwenye fomu au kuisambaza bila msingi wa kisheria, unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data, na lalamiko linapaswa kukamilishwa ndani ya siku 90. Majirani wakisengenyana barazani, sheria hiyo haifiki huko.

Linalotokea zaidi kuliko kukamatwa ni kutishwa: "tuma pesa, la sivyo namwambia paroko." Usitume hata mara moja. Anayelipwa leo hurudi mwezi ujao, na ameshajua kwamba unaogopa. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na kiasi, zihifadhi nje ya simu hiyo, na uende polisi ukiwa na wakili, kwa sababu kudai pesa kwa vitisho ni kosa la jinai. Na kiongozi wa parokia akikutisha kwa polisi, mkumbushe kwamba Papa Fransisko alisema Januari 2023 kuwa shoga si jinai, akitofautisha dhambi na jinai. Mwezi uliofuata alirudia hivyo ndani ya ndege akitoka Kongo na Sudan Kusini, akiwa na Askofu Mkuu wa Canterbury na Moderata wa Kanisa la Scotland, nao wakamuunga mkono.

Kwaya ikisafiri, hali inabadilika mpakani. Tanzania Bara, kifungu cha 154 kinaanzia miaka 30 hadi maisha. Uganda, sheria ya 2023 inafika kifungo cha maisha, na kwa baadhi ya makosa hukumu ya kifo. Mahakama ya Katiba ya huko ilifuta wajibu wa raia kuripotiana tarehe 3 Aprili 2024, lakini sehemu kubwa ya sheria ikabaki. Kabla ya safari safisha simu: mazungumzo, picha, na programu za kutafutia wapenzi.

Msomi_wa_Agano

Nijibu la Wakorintho, kwa sababu linatugusa kipekee sisi tunaosoma kwa Kiswahili.

Biblia ya Union ya 1952 inasema "wala wafiraji, wala walawiti". Nyuma yake yapo maneno mawili ya Kiyunani, *malakoi* na *arsenokoitai*. Sasa litazame neno "kulawiti". Limetoka kwenye Kiarabu, *liwati*, nalo limetoka kwenye jina Luti, yaani Lutu wa Mwanzo 19. Paulo hakumtaja Lutu mahali hapo, wala Sodoma. Ni lugha yetu iliyomleta. Mtu anasoma Korintho, na Sodoma imeshaingia ndani ya neno kabla hajafika kwenye koma.

*Malakoi* maana yake ni laini. Neno hilohilo lipo Mathayo 11:8, Yesu anapowataja watu wa nyumba za wafalme, na Union imelitafsiri vizuri sana: "mavazi mororo". Likitumiwa kwa mtu, Wayunani walilitumia kwa mambo mengi: uvivu, anasa, kukosa uthabiti, na pia mwanaume anayeingiliwa. Kulifunga kwenye maana moja ni uamuzi wa mfasiri.

*Arsenokoitai* ni gumu zaidi. *Arsen* ni mwanamume, *koite* ni kitanda. Wenye msimamo wa kimapokeo wanasema Paulo aliliunda kutoka Walawi 20:13 kwa Kiyunani, ambako maneno hayo mawili yamefuatana. Hoja hiyo ina uzito, usiidharau. Wengine wanajibu kwamba asili ya neno haisemi lilivyotumika, na kwamba katika 1 Timotheo 1:10 linakaa jirani na "waibao watu", yaani wafanyabiashara ya watumwa, jambo linaloelekeza kwenye unyonyaji. Mimi naona hoja ya Walawi inaeleza neno lilikotoka, ila haituambii kama Paulo alikuwa akiwafikiria watu wawili huru waliopatana kuishi pamoja kwa uaminifu.

Warumi 1:26-27 ndiyo sehemu nzito kuliko zote, na mtu asikuambie ni rahisi. Ila ukisoma "yasiyo ya asili" hapo, endelea mpaka 11:24, ambapo Mungu mwenyewe anapandikiza mzeituni mwitu "kinyume cha asili". Kiyunani ni kilekile, *para physin*. Maneno hayo peke yake hayatoshi kuitwa dhambi. Hoja inabidi ijengwe kwa mengine yaliyomo katika sura ya 1.

Juu ya Sodoma, Ezekieli 16:49 inataja uovu wake waziwazi: kiburi, kushiba chakula, na kutoutia nguvu mkono wa maskini na mhitaji. Mstari wa 50 unaongeza "machukizo", na mtu wa upande wa pili atakuonyesha huo, kwa hiyo ujue upo.

Jumuiyani usifundishe Kiyunani. Watu wataona unakimbia Biblia yao. Omba wasome mpaka mstari wa 10: wamo wezi, watamanio, walevi na watukanaji. Mtukanaji yuko kwenye orodha ileile. Jiandae pia kwa mstari wa 11, "baadhi yenu mlikuwa watu wa namna hii", maana ndiko watakakokupeleka. Kwa sala yako mwenyewe, soma Kumbukumbu 23:1 inayomfungia towashi nje ya mkutano, kisha Isaya 56:3-5 inayompa "jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti", kisha Matendo 8, pale towashi wa Kushi anapouliza ni nini kinachomzuia asibatizwe. Towashi si shoga, usilivute andiko kuliko linavyofika. Linaonyesha tu kwamba mlango uliofungwa na Torati ulifunguliwa ndani ya Maandiko yenyewe.

Dada_Minnesota

Bwana Yesu asifiwe. Ni kwa Waprotestanti wanaosoma hapa, maana hali yetu si hiyo.

KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ilitoa Tamko la Bukoba 2004 na Tamko la Dodoma 2010, na yote mawili yanakataa ndoa ya jinsia moja. Kanisa la Sweden liliikubali 2009, na Walutheri wa Marekani wa ELCA mwaka huohuo waliruhusu wachungaji walio katika uhusiano huo, ila wakaacha kila usharika ufuate dhamiri yake. Ndiyo maana ibada ya Kiswahili huku Marekani inaweza kuwa ndani ya jengo lenye bendera ya upinde wa mvua mlangoni, na baraza lake la wazee likashikilia Dodoma neno kwa neno. Usidanganywe na bendera. Mwandikie mchungaji kabla ya kujiunga, umuulize bila kuzunguka: mtu kama mimi anaweza kushiriki meza ya Bwana, kuwa mzee wa kanisa, kufundisha shule ya Jumapili? Akijibu "wote mnakaribishwa" bila kugusa hata moja kati ya hayo matatu, jibu lake ni hapana kwa mengi yake.

Na nyumbani, kumbuka nidhamu ya Kilutheri ina sura ya hadharani: kutengwa, kisha kurudi kundini mbele ya usharika. Mkatoliki anaweza kumaliza mambo yake kwenye wavu. Mlutheri anayemweleza mzee wa mtaa jambo hili anaweza kulikuta kwenye ajenda ya baraza. Kama lazima useme, sema na mchungaji peke yake, na umwombe mapema kwamba ni maungamo ya faragha.

SautiYaTatu

Asanteni sana. Mzee Katekista, Mungu akulinde. Limebaki moja, la ndoa. Na niulize pia juu ya zile baraka za wawili wa jinsia moja ambazo Vatikani iliziruhusu 2023, zinatufikia huku?

Katekista_Mstaafu

Nisamehe, mwanangu, la ndoa nililisahau na ndilo linaloumiza watu wawili badala ya mmoja.

Usioe ili kuficha. Kabla ya ndoa kila mchumba huhojiwa na paroko peke yake, na majibu yake huandikwa. Ukimficha mwenzako kwa hila jambo ambalo kwa asili yake linaweza kuvuruga sana maisha ya ndoa, ili tu akubali, kanuni ya 1098 inaifanya ndoa hiyo kuwa batili. Ukioa kwa hofu unayotiwa na familia, kanuni ya 1103 inaweza kuibatilisha vilevile. Yule dada atakuwa ameingia kwa moyo wake wote kwenye kitu ambacho baraza la hukumu la jimbo litasema, baada ya miaka ya mahojiano na mashahidi, kwamba hakikuwapo. Kanisa halijawahi kuiagiza ndoa kama dawa ya mvuto huu, na anayekuagiza anasema yake. Hata wale Wamarekani wa Exodus International, waliofundisha kwa miongo kadhaa kwamba mtu hugeuzwa, walifunga shirika Juni 2013 na rais wao akaomba msamaha kwa waliowaumiza.

Baraka: hati ya Vatikani ya 18 Desemba 2023 iliruhusu baraka fupi, isiyo ya liturujia, kwa watu wawili wa namna hiyo, bila kuihalalisha hali yao. Tarehe 4 Januari 2024 Vatikani ikafafanua kuwa ni baraka ya sekunde 10 au 15. Tarehe 11 Januari 2024 maaskofu wa Afrika kupitia SECAM, umoja wa mabaraza yao, kwa sahihi ya Kardinali Ambongo wa Kinshasa, wakatangaza kwamba baraka za wawili wa jinsia moja hazitatolewa katika makanisa ya Afrika. Kwa hiyo msiende wawili kuomba. Mtamweka padre mwema mahali pabaya, na ninyi mtaonekana. Mtu mmoja mmoja hajazuiwa. Baada ya Misa msogelee padre, inamisha kichwa, useme "Padre, naomba baraka." Halazimiki kukuuliza kwa nini.

Na jumuiyani wakikubana kuhusu kuoa, jibu "sina wito wa ndoa". Ni kweli tupu, na Kanisa linaujua wito wa kuishi bila ndoa. Watakurukia: "Basi nenda seminari." Hapo usijibu ndiyo ili kuwanyamazisha. Maagizo ya Vatikani ya 4 Novemba 2005 hayaruhusu kumpokea seminarini mwenye mwelekeo huu uliokita mizizi. Utaulizwa na mlezi wa seminari uso kwa uso, na utalazimika ama kusema uongo kuanzia siku ya kwanza, ama kurudi nyumbani kijiji kizima kikiuliza umerudi kwa nini.